Nyumba Yetu, Ardhi ya Wenyewe

Mamangu ana bati la biskuti ambalo tangu nipate akili sijaona biskuti ndani yake. Mna risiti. Ni vijikaratasi vya samawati na vyeupe, vingine mende wamevila pembeni, vimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, na kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu: kodi ya ardhi shilingi 60, kodi ya ardhi shilingi 100, hadi miaka ya mwisho shilingi 200. Risiti za miaka 15, na hakuna mwezi uliorukwa. Mwaka 2004 tulitolewa Kisauni, hapa Mombasa, kwa notisi ya siku 14, na bati lile mama alishinda nalo kwapani kutwa nzima, hakukubali mtu amshikie.

Nayaandika haya kwa sababu ya binti ya jirani yangu. Anaolewa baada ya mfungo, na mchumba wake kaona nyumba ya kuuzwa Mwandoni, vyumba viwili na choo, bei ambayo hata mtu wa vibarua akijinyima aweza kuifikia. Inauzwa nyumba tu, ardhi ina mwenyewe. Alikuja kwangu baada ya alasiri akaniuliza, "Shangazi, wewe waonaje?" Nikamwambia akae kitako. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunazungumza, na ya isha pia. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kwenda.

Nilizaliwa 1974 na nikakulia Majengo, katika nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote pale: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Kila chumba kilikuwa na familia yake. Mwenye nyumba, bibi mmoja tuliyemwita Mamkubwa, alikaa chumba cha mbele mkono wa kulia, mlango wake ukitazama ukumbi, kwa hivyo hakuna aliyeingia wala kutoka asimwone. Babangu alikuwa kibarua wa bandarini, akafariki nikiwa na miaka saba. Mama akabaki na sisi watatu na karai la mahamri.

Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Mama hakuwahi kuwa na shilingi 150 mkononi kwa wakati mmoja, na Mamkubwa alijua. Basi kila jioni, mahamri yakisha, mama alihesabu shilingi tano akampelekea, naye akazitia katika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Kila chumba kilikuwa na kopo lake juu ya kabati. Mwezi ukiisha Mamkubwa anafungua, anahesabu mbele yako, anasema, "Haya, umemaliza," au, "Zimebaki thelathini, usijali, siku ile mwanao aliugua." Nilikuwa mtoto, nikidhani ndivyo kodi zinavyolipwa duniani kote. Nimepanga nyumba saba tangu nilipokuwa mtu mzima, na sijapata tena mwenye nyumba aliyeelewa kwamba anayepata riziki kwa siku hulipa vyema akilipa kwa siku.

Sisemi Majengo kulikuwa peponi. Tulikuwa watu 29 kwa choo kimoja. Alfajiri foleni ilianza ukumbini, kila mtu na kopo lake la maji, na watoto wa shule ndio waliochelewa kwa sababu watu wazima wa vibarua walitangulizwa. Moshi wa majiko sita kwa pamoja ulitutoa machozi. Usiku wa Februari joto lilikuwa la kutoa roho, tukilala kwa zamu barazani. Mama alitaka kutoka, na aliweka nia ya kutoka kwa miaka minane.

Alitoka kwa mchezo. Kina mama kumi wa sokoni, kila mwezi mmoja anapokea. Mara tatu mama alipokea, mara tatu hakuinunulia hata leso. Mwaka 1989 akanunua nyumba Kisauni kutoka kwa mwashi mmoja aliyekuwa akirudi kwao bara: shilingi 8,000, vyumba viwili vya udongo, paa la makuti, na kijibanda cha jikoni. Juu ya hizo akatoa shilingi 1,500 za kilemba kwa msimamizi wa shamba, ili akubaliwe kuingia, na kuanzia hapo kodi ya ardhi kila mwezi.

Kwa asiyekuwa mtu wa Mombasa hili lataka maelezo. Hapa kwetu nyumba yaweza kuwa ya mtu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine, na wote wawili wakajulikana kwa haki. Mwenye ardhi anakupimia kiwanja, unajenga kwa pesa zako, unamlipa kodi ya kiwanja, na nyumba unaweza kuikodisha, kuiuza, kuirithisha. Majengo ilijengwa hivyo, na Kisauni, na sehemu kubwa ya Likoni. Hata miti hufuata mwendo huo. Uani kwetu Kisauni mlikuwa na minazi miwili, na haikuwa ya mama wala ya mwenye ardhi. Ilikuwa ya mzee mwingine, aliyeirithi kwa babake, na kila miezi mitatu alikuja na mkwezi wake akaangua nazi zake, akatuachia mbili au tatu kwa heshima ya ujirani. Sisi tulipata kivuli. Mama alikuwa akisema kwa dhati kabisa, "Mimi nina nyumba, fulani ana ardhi, na mzee ana minazi, na sote twaishi."

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa makao nafuu ya maskini wa Mombasa, kabla neno hilo halijaingia katika hotuba. Hakuna aliyetujengea. Mama alisimamisha chumba cha tatu mwenyewe, kwa boriti na fito, na majirani wakaja Jumapili mbili kukandika udongo, akawapikia wali wa nazi. Chumba kile kilimgharimu chini ya mshahara wa miezi miwili ya kibarua, na kilikodishwa miaka tisa.

Lakini palikuwa na sharti. Siku ya kupokea kilemba msimamizi alimwambia mama, nami nikiwa nimesimama pale na umri wangu wa miaka 15: "Udongo na makuti, sawa. Mabati, sawa. Mawe hapana." Mama akaitikia bila swali. Alidhani mwenye ardhi anachelea uzito. Sharti lile lilikuwa na maana moja tu, kwamba nyumba yako wakati wote iwe nyepesi ya kuondoka. Mwaka 1996 tuliezeka mabati 22 baada ya makuti kuoza mara ya pili, na mvua za El Niño za mwaka uliofuata zikaangusha ukuta wa jikoni, tukakandika tena udongo, kwa pesa ambazo zingetosha kujenga ukuta huo kwa mawe. Kila baada ya miaka michache tulikuwa tukiijenga upya nyumba ile ile.

Mzee mwenye ardhi alifariki. Warithi wake hawakuwa wakikaa Mombasa, wakaiuza ardhi yote pamoja na watu wake juu yake, kama mtu anayeuza shamba na mahindi yake. Mnunuzi hakuwahi kuja. Waliokuja ni vijana wawili na karatasi. Mama alilileta lile bati, akafungua uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akazipanga risiti juu ya mkeka. Yule mkubwa wao alikuwa na adabu, hakumvunjia heshima. Aliinama akazisoma tatu nne, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mama, hizi ni za ardhi, na ardhi imeuzwa. Nyumba ni yako. Ichukue uende nayo."

Nilizishika risiti zile kwa mara ya kwanza jioni hiyo nikazisoma moja moja. Mama husoma Kiarabu, herufi za Kizungu hazijui. Mimi nazijua, nilifika darasa la nane, na kwa miaka 15 sikuwahi kulifungua lile bati. Jina lililoandikwa si la mamangu. Ni la yule mwashi aliyetuuzia. Msimamizi hakubadilisha kitabu chake, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Chini, kwa maandishi madogo, palipigwa chapa kwamba mpangaji yuko pale kwa hiari ya mwenye ardhi, na ataondoka atakapotakiwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililomwambia binti ya jirani: kabla hujauliza bei ya nyumba, omba uone risiti za ardhi, na usome jina, na usome mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Nyumba tukaichukua kweli. Siku ya kumi na tatu ndugu yangu alipanda juu, akang'oa misumari kwa upole ili mabati yasitoboke zaidi, na kila bati akaliandika nambari kwa makaa, moja hadi 22, kama vile kesho yake tutaliezeka mahali pengine kwa mpangilio ule ule. Tuliondoa milango mitatu, madirisha mawili, na boriti zilizokuwa bado nzima. Asubuhi ya kumi na tano tingatinga likaingia na halikukaa dakika kumi kwetu, kwani kilichobaki kilikuwa udongo tu. Wanawake hawakulia wakati wa kubomoa. Walilia jioni, walipokuwa wakitafuta pa kuwasha jiko.

Baadaye, mzee mmoja aliyezifahamu kesi za ardhi alitueleza barazani tulivyofika hapo. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akauendesha kama himaya. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, kwamba kila mwenye dai ajitokeze aandikishe. Waliojua kusoma, waliokuwa karibu na mji, waliokuwa na uwezo, waliandikisha. Wengi waliokuwa wakilima na kuishi juu ya ardhi zao hawakupata habari, au waliipata wasiielewe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, katika ardhi walimozikwa babu zao. Mamangu si mjukuu wa ardhi ile ya Kisauni, alinunua haki yake kwa mahamri. Lakini mkasa wetu umetokana na shina hilo hilo.

Siku 14 tulizopewa, leo zisingetosha. Tangu Sheria ya Ardhi ifanyiwe marekebisho 2016, mwenye ardhi binafsi anatakiwa atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, na anayetolewa ana haki ya kwenda mahakamani kabla muda huo kwisha. Namwambia kila mtu jambo hili, sokoni, msibani, popote. Miezi 3 ni muda wa kumtafuta wakili, kumaliza muhula wa shule, na kuuza mabati yako kwa bei ya haki badala ya bei ya kukimbizwa.

Baada ya hapo ikawa miaka ya kupanga. Nilikuwa nimeolewa nikaachwa, nina watoto wawili na mama, na kazi ya kufua shuka katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi. Kazi ya hoteli ni kazi ya msimu. Kuanzia Desemba hadi Pasaka unafanya mpaka usiku. Mvua za masika zikianza wageni wanaondoka, na sisi wa mkataba mfupi tunaambiwa tutapigiwa simu. Aprili, Mei, Juni, wakati mwingine na Julai, unakaa nyumbani. Kodi haina msimu.

Tulihama mara nne katika miaka sita: Bakarani, Mishomoroni, Likoni, kisha Kisauni tena. Niliweka daftari la shule na kuandika kila shilingi ya kuhama, kwa sababu mama alinifunza kuweka karatasi. Dalali alitaka pesa ya kuonyesha nyumba, uipende usiipende, na ukiipenda anataka sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na amana ya mwezi. Mkokoteni. Kufuli mpya. Sare mpya kwa watoto maana shule ni nyingine. Ile amana ya nyumba ya kwanza, niliyokuwa nikiitegemea kwa ya pili, ilikatwa rangi na kioo ambacho nilikikuta kimevunjika. Nilipojumlisha mwisho wa miaka sita, pesa nilizotumia kuhama tu zilikuwa sawa na kodi ya miezi 17. Miezi 17 ya nyumba ambayo hakuna mtu aliyelala ndani yake.

Likoni nilikwenda kwa sababu ya bei. Chumba Kisauni kilikuwa shilingi 4,000, Likoni nilipata kwa 2,500. Nikaona nimeokoa 1,500. Lakini Likoni hadi Bamburi ni nauli ya kwenda 60 na kurudi 60, na kutoka Kisauni ningetumia nusu yake. Siku 26 za kazi, tofauti ya nauli ikawa shilingi 1,560. Yaani nyumba ile ya bei rahisi ilinigharimu 60 zaidi kila mwezi, na juu yake masaa ya kivuko. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, na Mungu awajaalie walioamua hivyo, ila siku feri moja ikiharibika unasimama kwenye kile kiteremko na maelfu ya watu, jua la saa moja asubuhi limekwisha kuwaka, na msimamizi wa dobi anahesabu dakika. Nilikatwa mshahara mara nyingi. Ndiyo maana mtu akinitajia nyumba nafuu, namuuliza kwanza kazi yake iko wapi, na mtungi wa maji pale ni shilingi ngapi. Likoni kiangazi mtungi wa lita 20 nilinunua hadi kwa 40, na nyumba ya watu wanne haipiti siku kwa chini ya mitungi mitano hata mkifulia maji ya kisima cha chumvi.

Huko Likoni nilijifunza jambo jingine. Siku moja mwenye nyumba aliniambia kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi unaofuata ni shilingi 3,500, na nisipoweza niondoke. Kijana mmoja wa jirani aliyekuwa akisomea sheria aliniuliza, "Mama, sasa unalipa ngapi?" Nikamwambia 2,500. Akaruka alipokuwa amekaa. Kumbe iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296, na inamlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji huyo haongezwi kodi kiholela, hatolewi bila amri, na kumsumbua ili ahame mwenyewe ni kosa. Kuna baraza maalumu la kusikiliza mashauri hayo. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya mstari kabisa.

Sikuwa na risiti hata moja ya karatasi. Lakini nilikuwa nikilipa kwa M-Pesa, na kwa tabia ya mamangu nilikuwa nikinakili kila ujumbe katika daftari, tarehe, nambari ya muamala na kiasi. Kijana akaniandikia barua, tukaambatisha nakala ya kurasa zile, tukampelekea mwenye nyumba kabla ya kufika kwenye lile baraza la mashauri. Nilitetemeka mlangoni kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akasoma, akavua miwani, akanitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "haya yote ni ya nini? Si ungekuja tuzungumze?" Nikamwambia, "Mzee, ndiyo nimekuja." Hakuniongeza kodi kwa mwaka mzima. Nami nilimlipa kila tarehe tatu bila kuchelewa, kwa sababu sikutaka aone kwamba haki yangu ni jeuri.

Nilipohama kutoka hapo chumba cha rahisi nilichopata kilikuwa 3,000, na sheria ile ikaniacha nje. Kiwango cha 2,500 hakijapandishwa kwa miongo mingi. Leo Mombasa nitajie chumba cha mtu na watoto, chenye choo na maji karibu, kwa 2,500. Vipo vichache mno. Sheria ipo, imeandikwa vizuri, na wale iliyoandikiwa wamekwisha kuhamishwa kutoka ndani yake na bei za soko. Nikipewa nafasi ya kumwomba mbunge jambo moja tu, ningemwomba hilo: pandisheni kiwango, mpangaji wa 6,000 na wa 8,000 naye apate pa kusimama. Halihitaji simiti wala tingatinga.

Corona nitaipita upesi. Machi 2020 hoteli ilifungwa, Aprili Mombasa ikafungwa kuingia na kutoka, na sisi tukabaki na watoto na deni. Kilichoniokoa ni kwamba sikungoja tarehe. Nilikwenda kwa mwenye nyumba wangu wa wakati huo, mwanamke kama mimi, kabla mwezi haujaisha, tukaandikiana: nusu kodi kwa miezi mitano, nusu iliyobaki nitalipa kidogo kidogo kazi ikirudi. Tulitia sahihi wote wawili na shahidi. Nilimaliza deni Novemba 2021. Majirani zangu wawili waliojificha kila mwenye nyumba aliposikika getini walitolewa.

Tangu 2024 nimekuwa nikikatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba nafuu za serikali, na mwajiri anatoa kiasi hicho hicho. Kwa mshahara wangu wa 15,000 ni shilingi 225, miezi ninayofanya kazi. Sinung'uniki kukatwa. Nimejiandikisha Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, kwa simu ya mpwa wangu, na sheria yenyewe imetenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika 20,000, kwa hivyo mtu kama mimi ametajwa. Najua pia kwamba kipengele cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Lakini mpango wa kulipia nyumba umepimwa kwa mwenye mshahara wa miezi 12. Mwanamke wa mahamri, mkwezi, mbeba mizigo wa soko la Kongowea, mimi wa miezi minane, tunalipaje mwezi wa Mei? Tulipokuwa na kopo la Mamkubwa tulilipa. Tunaweza kulipa. Tunachohitaji ni anayekubali tulete kwa siku au kwa wiki, na anayekubali kuwa Desemba tulipe zaidi na Mei tulipe kidogo.

Nazo nyumba za zamani za baraza la mji, zilizokuwa za kupanga kwa kodi ndogo, zinapungua. Buxton, pale karibu na daraja la Nyali, zilibomolewa 2021 kupisha maghorofa. Maghorofa ni mazuri, nimeyaona. Ila nyumba ya kununua na chumba cha kupanga ni dawa za maradhi mawili tofauti, na mji unahitaji zote mbili.

Sisi hatukungoja. Mwaka 2017 tulikuwa wanawake sita, wanne wa dobi na wawili wa sokoni, tukaanza kuweka shilingi 60 kwa siku kila mmoja. Kwa siku, nilisisitiza mwenyewe, na mweka hazina alipita kila jioni na kopo. Ni kweli 60 kwa siku ilituchukua zaidi ya miaka minne na nusu kufikisha 100,000 kila mtu, tukiongeza na pengo la corona ikawa karibu sita.

Kiwanja cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kizuri na bei ilikuwa ya chini. Muuzaji alituonyesha nakala ya hati, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Wenzangu wawili walitaka tutoe amana siku hiyo hiyo kabla ya mwingine. Nikakataa kwa ukali, hadi nikaonekana mbaya. Tulikwenda kufanya sachi, yaani kuangalia daftarini ardhi ni ya nani, kwa msajili wa ardhi, na majibu yakatoka kwamba mwenye hati ni mtu mwingine kabisa na pana kaveti, yaani zuio la kuiuza, juu yake. Wale wawili walinishika mikono wakalia.

Cha pili tulikifanyia sachi mara mbili, mwanzoni na siku ya kulipa. Ni futi 50 kwa 100, upande wa Mwakirunge, mbali, hakuna maji ya mfereji bado. Wakili alituuliza tunataka kumiliki vipi, akatueleza kwamba kila mmoja aweza kuwa na fungu lake lililoandikwa, ili akifa fungu liende kwa warithi wake wala lisipotelee kwa wenzake. Tukachagua hivyo, sehemu moja ya sita kila mtu, majina sita kwenye hati. Nilimwomba asome kila jina kwa sauti.

Tulibishana sana juu ya kitu cha kujenga. Kiwanja hakitoshi nyumba sita. Mwishowe mwenzetu wa sokoni, aliyekulia Majengo kama mimi, alichora kwa kijiti mchangani: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, ua nyuma. Vyoo viwili, siyo kimoja. Kwa mawe.

Msingi umekwisha na kuta zimefika linta. Mabati yale 22, yaliyobaki ni tisa, yamezungushiwa kibanda cha simiti, na kwenye moja bado inasomeka 14 kwa makaa. Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwa tuktuk. Ana miaka 77, miguu inamuuma. Alizunguka ukuta akiupapasa kwa kiganja, akaingia ukumbini, akasimama katika mlango wa chumba cha mbele mkono wa kulia, akatazama nje kama anahesabu watakaopita. Kisha akatoka uani, akainua uso kuangalia minazi mitatu iliyo pembeni.

"Na hii ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni yetu. Akaniuliza tena, nami nikamwambia tena. Akaketi juu ya rundo la mawe, akamwita yule kijana wa mwashi, akamwambia apande amwangulie dafu.